Jaji Mbele ya Bajeti

Mabibi na mabwana, swali letu ni hili: majaji waingilie hadi wapi maamuzi ya serikali na Bunge kuhusu uchumi na bajeti? Nitaanza na waoka mikate wa New York. Sheria ya jimbo lao iliwawekea ukomo wa saa 10 za kazi kwa siku, 60 kwa wiki. Mwaka 1905, katika kesi ya Lochner, Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa hoja kwamba inaingilia uhuru wa mwajiri na mfanyakazi kupatana. Jaji Holmes alipinga: Katiba haikukusudiwa kubeba nadharia moja ya uchumi. Naamini alikuwa sahihi. Majaji walio wengi walivaa joho la wabunge, ilhali hakuna aliyewapigia kura wapange saa za kazi, wala kodi, wala mishahara.

Je, jaji anyamaze kila likitajwa neno uchumi? Hapana, na hapa sitetereki. Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilibatilisha hatua ya serikali kuhamishia kwenye mfuko wa tabianchi idhini ya mikopo ya euro bilioni 60, iliyotolewa kwa ajili ya dharura ya UVIKO. Bajeti ikapanguka. Lakini majaji hawakusema kutunza tabianchi ni kosa. Walisema ukopaji wa dharura una masharti yake kikatiba, nayo hayakutimizwa. Hiyo ndiyo kazi yao hasa.

Kesi inayonisumbua zaidi ni ya Grootboom, Afrika Kusini, mwaka 2000. Mpango wa makazi wa serikali ulikuwa na mantiki kwa miaka ijayo, ila haukumwekea chochote asiye na pa kulala leo. Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba kwa hilo umekiuka Katiba. Haikutaja idadi ya nyumba wala kiasi cha fedha, na ilifanya vyema. Ila iliishia kwenye tamko tu, bila yenyewe kubaki na usimamizi wa utekelezaji. Irene Grootboom, aliyeipa kesi hiyo jina, alifariki mwaka 2008 akiwa bado hajapata nyumba.

Kwa hiyo nataka mahakama iende hatua moja mbele: iipangie serikali tarehe ya kurudi na taarifa ya kiapo kuhusu ilichofanya. Mpango utabaki wa serikali, fedha zitabaki mikononi mwa Bunge, na waliokwenda kudai haki watajua siku ya kurudi kuuliza.