Pijo ya Babu: Gia Nne za Usukani au Tano za Chini?

ATHMAN: Yarikodi? Haya, bismillahi. Assalaam aleikum wasikizaji, hii ni baraza yetu ya magari ya zamani, tuko Malindi, mie Athman na dadangu Zuhura, na leo hatuna mgeni. Mgeni ni giaboksi.

ZUHURA: Giaboksi iliyokufa.

ATHMAN: Haijafa, yaumwa.

ZUHURA: Kakangu, ukitia gia ya pili watu wanageuka mpaka walioko msikitini, hiyo si kuumwa tena. Waambie kwanza ni gari gani, manake kuna watoto wasikiliza hapa wajua Probox peke yake.

ATHMAN: Ni Pijo 504, stesheni wagoni, ya babu yangu mzaa mama, zile za viti safu tatu. Watu wazima wazikumbuka, ndizo zilikuwa zikibeba abiria Malindi Mombasa kabla ya matatu za nisani kujaa barabarani, wakaa wangoja ijae, ikishajaa ndo imeondoka hivyo. Injini ni ya petroli ya 1971 cc, gia nne, na mkono wa gia uko juu kwenye usukani, hauko chini.

ZUHURA: Na watu wasiidharau. 504 ilitoka 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa gari bora la mwaka huko Ulaya, na Safari Rally imeshinda mara mbili, 1975 na Ove Andersson, halafu 1978 na Jean-Pierre Nicolas, ijapokuwa ile ya 1978 ilikuwa kupe, ya milango miwili, injini ya V6 ya silinda sita, si ndugu wa tumbo moja na ya babu.

ATHMAN: Binamu basi.

ZUHURA: Binamu mwenye pesa. Haya, yafanyaje hiyo giaboksi?

ATHMAN: Vitu vitatu. Ya pili yakwaruza mpaka ukanyage klachi mara mbili. Ya tatu yaruka, ukiachia mafuta kidogo tu mkono warudi nyutro wenyewe. Na gari likiwa limesimama, niko nyutro, yalia wuuuuu, nikikanyaga klachi yanyamaza.

ZUHURA: Hiyo ya kunyamaza ni muhimu, msikilize hapo nyinyi. Ikilia nyutro klachi imeachiwa, ikanyamaza ukikanyaga, mara nyingi ni beringi ya shafti ya mbele, iko ndani ya giaboksi. Ikiwa kinyume chake, kimya ukiachia na yalia ukikanyaga, hiyo ni beringi ya klachi, ya bei ndogo, na kuna watu wamenunua giaboksi nzima kwa sababu ya beringi ya klachi. Sasa na ya pili kukwaruza, mlitia oili gani?

ATHMAN: Uliza hilo polepole.

ZUHURA: Athman.

ATHMAN: Fundi alitia tisini. Ile nzito ya difu, ya zile gia za eksi ya nyuma. Mie nlikuwa nimekaa pale nakunywa kahawa, nikaona ni sawa, giaboksi si ni giaboksi.

ZUHURA: Subhanallah. Giaboksi za Pijo za wakati huo zatiwa oili ya injini! Kitabu cha gari chenyewe kimeandika. Zile pete za sinkro kazi yake ni kushika gia kwa msuguano mpaka zizunguke sawa ndo ziingiane, sasa oili ikiwa nzito kama uji wa ngano ile pete haishiki upesi, wewe ushasukuma mkono, ndo hiyo krrrr. Halafu nyingi za hizo oili za difu zina dawa ya salfa, yafaa kwa meno ya difu lakini kwa shaba ya pete za sinkro si nzuri. Umeimwaga?

ATHMAN: Nimeimwaga. Ilitoka yametameta kama mapambo ya bi harusi.

ZUHURA: Rangi gani?

ATHMAN: Dhahabu dhahabu.

ZUHURA: Hiyo ni shaba ya sinkro. Ungeona vipande vya chuma cheupe ningekwambia meno yavunjika, lakini dhahabu maana yake pete zimekwisha. Sasa waeleze wasikizaji ulichofanya, manake mie nimechoka kukificha.

ATHMAN: Nlinunua giaboksi nyingine. Nlipigiwa simu na mtu, akaniambia ana ya 504, safi, imetoka kwenye gari lililochinjwa, nami nikatuma pesa kabla ya kuiona. Imefika kwa basi, nimeifungua gunia, naipeleka kwa injini, haiingii. Ilikuwa ya dizeli.

ZUHURA: (anacheka) Pole, lakini yachekesha. Injini ya petroli ya 504 imelazwa upande nyuzi 45, ukifungua boneti waona imelala kama mtu aliyeshiba pilau. Ya dizeli haikulazwa hivyo. Kwa hiyo ile kengele ya mbele, belihauzingi, haikubali. Jina la gari ni moja lakini hilo halitoshi.

ATHMAN: Ndo nkaanza kufikiria, basi kama nanunua tena, si ninunue ya gia tano? Ya 505, ile Pijo iliyokuja baada ya 504. Na kuna vijana wananiambia kata, tia ya Toyota, spea kila duka.

ZUHURA: Ya Toyota ondoa kabisa. Gari lingine propela, ile shafti ya kupeleka nguvu nyuma, iko wazi, wafunga flanji, wafupisha shafti, mwisho. Pijo propela yazunguka ndani ya bomba, na bomba lile limefungwa kwa bolti nyuma ya giaboksi upande huu na kwenye difu upande ule, kitu kimoja kigumu kutoka mbele mpaka nyuma. Ukitia ya Toyota, hilo bomba utalifunga wapi? Na kwenye wagoni bomba ndilo linalozuia eksi ya nyuma isijipinde ukikanyaga mafuta. Ukilitoa itabidi ubuni mikono mingine ya kushikilia eksi, hapo hufanyi giaboksi tena, waunda gari.

ATHMAN: Na ya 505?

ZUHURA: Hiyo twaweza kuzungumza. 505 nayo ina bomba. Lakini gia ya tano imewekwa kwenye nyumba yake, imeongezwa mkiani, kwa hiyo giaboksi ni ndefu, na ikiwa ndefu bomba lako halitoshei tena. Wachukua giaboksi pamoja na bomba lake na shafti yake ya ndani, na uchukue kwa gari la jamii yako: saluni ya 504 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.74, wagoni ni 2.90. Sentimita 16 hizo, ukichukua bomba la saluni utabaki walitazama tu. Na kuna 505 za injini ya 2.2, injini nyingine kabisa ile, usiguse.

ATHMAN: Lakini faida yake si naipata barabarani? Nikienda Mombasa gari lapiga kelele mpaka siwezi kusikiza Kuruani kwenye redio.

ZUHURA: Tupige hesabu. Tairi ya 175 ya inchi 14, difu tuseme 3.89, yaani meno 9 kwa 35, ya kwako utaihesabu mwenyewe. Gia ya nne ni moja kwa moja, kilomita 100 kwa saa injini yazunguka kama 3,300 kwa dakika. Ukipata ya tano ya 0.8 inashuka kwenye 2,650 hivi. Ni tofauti kubwa, sikatai. Sasa niambie, Malindi Mombasa ni kama kilomita 120, wewe wakimbia mia wapi?

ATHMAN: Nikitoka Gede...

ZUHURA: Gede kuna matuta. Kilifi matuta. Mtwapa ni foleni mpaka unywe madafu mawili. Mie sisemi tano ni mbaya, mwenye kwenda Nairobi kila mwezi atie tano na alale salama. Wewe safari zako ni Watamu, na harusi.

ATHMAN: Na kuna jambo lingine sikukwambia. Nlikwenda kuiona moja, ya gia tano, na bomba lake, bei si mbaya. Mkono wake uko chini. Fundi akachora kwa chaki kwenye sakafu ya gari la babu pale pa kukata tundu. Nikaitazama ile chaki.

ZUHURA: Ukaona nini?

ATHMAN: Babu alinifundisha kwenye ile gia ya usukani. Akiniwekea mkono wake juu ya wangu. Nkamwambia fundi futa.

ZUHURA: Basi ushachagua zamani, wanichosha mie na mahesabu.

ATHMAN: Nlitaka nisikie ukisema wewe.

ZUHURA: Haya. Tafuta ya gia nne ya petroli, na uangalie linkeji zake, vile vyuma vya kuunganisha mkono na giaboksi, ni za usukani, manake za chini zapangwa vingine. Ukipata hata mbovu chukua, twafanya mbili kuwa moja. Lakini gia zinazosagana zahama kwa jozi, usinichanganyie la hapa na la kule, zitalia mpaka kiyama. Beringi na pete tutatia mpya.

ATHMAN: Ipo moja Mombasa, ntaiendea Jumanne. Nitajuaje sijauziwa gunia tena?

ZUHURA: Beba chaki. Piga alama kwenye shafti ya mbele na ya nyuma, tia gia ya kwanza, zungusha mbele kwa mkono uhesabu mpaka ya nyuma imalize mzunguko mmoja. Gia ya kwanza ya hiyo giaboksi ya gia nne ni kama 3.66, yaani mizunguko mitatu na nusu na kitu. Gia ya nne, mmoja kwa mmoja. Tia zote, na usikie kwa vidole kama kuna mchanga ndani. Kisha shika shafti ya mbele uitikise, ikicheza sana beringi imekwenda. Ukimaliza hapo ndo utoe simu ya kulipa.

ATHMAN: Akikataa nisizungushe?

ZUHURA: Panda matatu urudi.

ATHMAN: Na oili nibebe?

ZUHURA: Gani?

ATHMAN: Ya injini, dadangu. Ya injini.