Mwanzieni Fumba, Msimwanzie Bombay

Walimu wenzangu, nimeombwa nieleze namna ya kuzungumza na vijana wa kidato cha pili juu ya swali la "mimi ni nani". Nitamtumia mtu mmoja tu, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, na nawasihi tusimwanzie pale tulipozoea, Bombay, India, mwaka 1928, alipokwenda kurekodi santuri za Kiswahili. Ukianzia huko mtoto anasikia habari ya mtu aliyefanikiwa, anapiga makofi, kengele inalia, basi.

Anzieni Fumba, Unguja, yapata 1880. Anazaliwa mtoto wa wazazi wenye asili ya utumwa, anapewa jina: Mtumwa. Liandikeni ubaoni, mnyamaze kidogo. Utumwa ulifutwa Unguja mwaka 1897, lakini sheria haikumbadilishia mtu jina. Binti huyo alikuwa akitembeza vyungu, akivinadi kwa sauti yake.

Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa kuimba, na huko ndiko akawa Siti, jina la mwanamke mwenye heshima zake. Waulizeni vijana: hapo amejificha au amejitokeza? Darasa litagawanyika, waacheni wabishane. Mimi nasema amejitokeza, ila msinitaje.

Halafu njooni kwenye mavazi. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na mafukara, na wanawake wengi waliotoka utumwani waliiacha wakajifunga kanga, wakavaa buibui. Siti naye aliimba kajitanda buibui lake. Mahasidi hawakumwachia. Wakamtungia wimbo: kaja mjini na kaniki chini, na kama si sauti angekula nini? Vijana wetu kejeli hiyo wanaijua vizuri, simu zao zimejaa za namna hiyo hiyo. Naye akajibu kwa wimbo. Hakukana kwamba ametoka shamba, wala hakujitafutia ukoo wa kujivunia. Alisema uzuri na nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mkiwa na kipindi kimoja tu, kimalizeni hapa.

Ila chungeni jambo moja. Msimuulize mwanafunzi asili yake mbele ya wenzake. Pwani hii kuna nyumba nyingi zenye babu asiyetajwa. Mwambieni aandike jina analoitwa asilolipenda, na chini yake lile ambalo angejichagulia. Karatasi aende nayo mwenyewe, msizikusanye.