Kabati la elfu sitini: ukweli wa kununua samani kuukuu, kuzitengeneza na kuziuza

ZUWENA: Assalaam alaykum, karibuni tena kwenye kipindi chetu. Mie Zuwena, niko na shemegi yangu Hamad, na leo tumekaa uani kwangu hapa Fuoni kwa hivyo mkisikia kuku na watoto mtatustahamilia. Leo tunataka tuzungumze hii kazi yetu ya wikiendi, kununua samani kuukuu, kuitengeneza, kuiuza. Maana watu wananiandikia WhatsApp kila siku, Zuwena na mie nataka kuanza, nimeona video mtu kaokota kiti jaani kakipaka rangi nyeupe, dakika tatu kishauzwa.

HAMAD: Waalaykum salaam. Kwenye video huoni msasa. Huoni mtu kakaa chini siku mbili anasugua mguu mmoja wa kiti.

ZUWENA: Huoni kabisa. Na sitaki kumvunja mtu moyo, kazi hii naipenda, mwaka wa sita huu naifanya na kusomesha skuli nasomesha vile vile. Lakini mtu aingie akijua anaingia wapi.

HAMAD: Basi waambie hesabu ya lile kabati lako, ulonionesha kwenye daftari.

ZUWENA: Haya. Kabati la vyombo, vioo juu, droo mbili chini, nimelipata Mwanakwerekwe kwa mtu anahama nyumba. Shilingi 60,000. Nikaona nimeokota dhahabu. Kirikuu ya kuniletea nyumbani 20,000, maana dereva kaona ni kabati la vioo akataka na ya hatari. Msasa 8,000. Sila ya kuziba mbao, na vanishi, na tina ya kuizimulia 32,000. Bawaba mpya na kitasa 10,000, zile za zamani zilishaliwa na kutu zote. Kioo kimoja kilikuwa na ufa, fundi wa vioo 15,000. Ushafika 145,000 hapo na kabati bado liko uani. Mnunuzi yuko Bububu, anataka apelekewe, 15,000 nyengine. Nikaliuza 180,000.

HAMAD: Ikabaki 20,000.

ZUWENA: 20,000, kwa wikiendi tano. Niliandika masaa pia, yalikuwa 25. Yaani shilingi 800 kwa saa. Na watu walinipongeza kwenye stetasi, mashaallah umeuza, umenunua 60 umeuza 180, wanaona faida laki na ishirini.

HAMAD: Hapo ndo watu wengi wanapoanguka, wanatoa bei ya kununua kwenye bei ya kuuza basi. Usafiri hawahesabu, tina hawahesabu, mkono wao wenyewe hawauhesabu. Sasa mie sisemi usifanye kwa 20,000, kama ni starehe yako, kama unatoka kazini kichwa kimejaa ukishika randa unatulia, fanya. Babaangu alikuwa seremala Wete na mie ukinipa mbao na patasi jioni nalala vizuri. Lakini usimwambie mkeo kuwa hii ndo ada ya skuli ya watoto mwakani kabla hujaandika daftari.

ZUWENA: Na dadaangu anasikiliza hapo.

HAMAD: Anajua, nshamwambia. Sasa mie nataka niseme juu ya mbao, kwa sababu kila kitu kinaanzia pale. Ukienda kuangalia kitu usiangalie rangi. Kigeuze. Angalia chini, angalia mgongoni, toa droo uiangalie kwa nyuma. Kwenye uso kila mtu anapamba, mgongoni ndo unaona fundi alikuwa nani. Ukikuta maungo yamechongwa yakaingiana, hicho kitu kimetengenezwa kidumu. Ukikuta gundi na pini za stepla, waachie wenyewe.

ZUWENA: Na chipbodi.

HAMAD: Chipbodi msinunue! Hizi zinazokuja kwenye makontena, ile mbao ya unga ulobanwa na gundi, juu karatasi ya picha ya mbao. Ikinywa maji mara moja inavimba kama mkate ulotiwa kwenye chai na hairudi. Skrubu ikishatoka haishiki tena kwenye tundu ile ile. Msasa ukipiga unatoa karatasi tu. Sasa sisi tuko kisiwani, hewa yenyewe maji, utaitengenezea wapi?

ZUWENA: Mie mbao ya moyo wangu ni mfenesi. Nlinunua kistuli, kimepakwa rangi ya buluu ya mafuta, tabaka sijui ngapi, kibaya hakitazamiki, 5,000. Nikachukua kipande cha msasa nikasugua pembeni pale pale mbele ya alokuwa ananiuzia, sehemu ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ikatoka manjano. Manjano ile ya binzari, unaiona kabisa chini ya buluu. Moyo ulinidunda. Na mfenesi ukishaukwangua unakuwa hivyo, halafu ukikaa na mwanga miezi unaenda unaiva, unakuwa wa kahawia yenye wekundu. Kile sijakiuza, kiko jikoni kwa mama.

HAMAD: Kabla hujanunua angalia na tundu. Tundu ndogo ndogo kama zimechomwa na sindano ndo wadudu wanaobungua mbao. Tundu peke yake si kitu, inawezekana walishaondoka miaka. Unachotafuta ni unga mpya. Mie naweka karatasi nyeusi chini ya kitu wiki moja, bila kukigusa. Ukikuta unga mweupe juu ya karatasi, wamo, wako hai, wanakula. Hapo unapiga dawa kwa sindano tundu moja moja, na hicho kitu hakikai pamoja na vyengine. Mwaka juzi nliingiza kitanda ndani sikufanya hivyo, wakahamia kwenye viti viwili vya watu. Vya watu, si vyangu, nkalipa.

ZUWENA: Na makochi jamani. Mtu asininunulie kochi la mtumba akaliingiza ndani magharibi bila kulichunguza. Chukua tochi, fungua mishono, angalia kwenye pembe za chini. Ukiona vidoa vyeusi kama wino vimejipanga kwenye mshono, ni kunguni, na kunguni akiingia nyumba yenye vitanda vinne utalia. Makochi sifanyi mie. Sponji ghali, kitambaa ghali, fundi makochi ana foleni yake, faida yote anaondoka nayo yeye na ni haki yake kwa sababu kazi kafanya yeye.

HAMAD: Tuseme hali ya hewa.

ZUWENA: Hali ya hewa ndo bosi wa kazi hii hapa Unguja. Sikilizeni. Nlikuwa na meza ya msaji, nshaipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja unahisi hariri. Mwezi wa nne, masika yenyewe. Nina haraka, mteja ananipigia simu, nikaipiga vanishi ya tina baada ya Magharibi mvua imepusa kidogo. Asubuhi natoka uani, meza nyeupe. Nyeupe kama imemwagiwa tui. Ule unyevu wa hewani unakaa juu ya vanishi wakati tina inaruka, na vanishi inakufa rangi. Nikaikwangua yote, siku tatu tena. Toka siku ile masika nafanya kazi ya kukwangua na kuunganisha tu, vanishi nasubiri siku kavu, naanza saa tatu asubuhi saa nane mchana mwisho. Mteja akinuna anune.

HAMAD: Na hizo droo zinazogoma masika msizikimbilie na randa. Mbao imevimba kwa unyevu, ukiiranda mwezi wa nne, mwezi wa kwanza kaskazi likipiga itapwaya inacheza kama jino la mtoto. Paka mshumaa kwenye reli zake, subiri.

ZUWENA: Pwani huku misumari nayo tahadhari, chumvi inakula chuma. Makasha ya zamani njumu zake, ile misumari ya mapambo, ni shaba nyeupe na shaba nyekundu, ndo maana mpaka leo zipo.

HAMAD: Kitu chengine, afya. Rangi za zamani nyengine zina risasi ndani yake, ile madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto hasa. Usipige msasa mkavu rangi ya zamani na mtoto anacheza pale. Lowesha, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, na lile tope lizoe usilifagie. Halafu matambara ya mafuta ya linsidi, yale ya kupakia mbao. Hili watu hawaliamini lakini ni kweli kabisa, tambara lililolowa mafuta yale ukilikunja ukalitupa kwenye kona linapata moto lenyewe, bila kiberiti. Linapashana mpaka linawaka. Lianike likae limetanuka, au litie kwenye ndoo ya maji.

ZUWENA: Mie naanika kwenye kamba pamoja na nguo, mbali na nguo za skuli lakini. Haya, kuuza. Picha piga asubuhi mlangoni, mwanga wa jua la asubuhi unaonesha nyuzi za mbao, taa ya ndani inafanya kila kitu kiwe kama uji. Andika vipimo. Andika na kasoro, mguu huu umeunganishwa, kioo hichi kimebadilishwa. Mtu akija anakuta ulichoandika. Na mkikubaliana bei usimwekee mtu kitu mpaka alete arbuni, kwa sababu "nakuja kesho" hizo nimezisikia nyingi sana, umemkatalia mwengine kwa ajili yake na yeye hatokei.

HAMAD: Mie hoteli moja ilichukua viti sita kwa mkopo, miezi mitatu nafuata pesa. Sasa hivi hata awe nani, kitu kinapakiwa pesa ishaingia kwenye simu.

ZUWENA: Na kuelekea Ramadhani na Idi ndo kunauzika, watu wanapaka rangi nyumba wanataka na sebule ibadilike. Kwa hivyo mie nanunua miezi ya kimya. Lakini kuna jambo nataka nilisemee kwa uchungu, hili la kununua kasha jipya, ukalipaka majani ya chai na rangi ya viatu, ukaligonga gonga na mnyororo ukamwambia mgeni la miaka mia. Kuna mtu alinijia na oda ya hivyo, makasha manne. Nikamwambia kasha jipya ntakutengenezea zuri na utaliuza kama jipya. Hakurudi. Wale mafundi wanaochonga makasha mapya wana ufundi mkubwa, kwa nini kazi yao isemwe uongo? Na yale ya kweli ya zamani, mengi yalokuja na majahazi kutoka Bara Hindi, ya msaji, na vile vidroo vitatu chini, yanashushwa thamani kwa sababu hakuna anayeamini tena.

HAMAD: Hilo na mie ntaongeza langu, na si la kujisifu. Mkoani, Pemba. Bibi mmoja mumewe kafariki, watoto wanataka kusawazisha nyumba, kuna kitanda cha samadari. Nguzo zimechongwa, kichwani vigae vya maua vimebaki vinne. Akaniambia nipe chochote mwanangu kinanijazia nafasi. Nikampa 80,000. Nlijua kina thamani gani, yeye hakujua, na sikusema. Nikakivunja vipande, nikakipakia melini, nkakitengeneza mwezi mzima hapa Unguja, kikauzwa 450,000.

ZUWENA: Hujawahi kunambia hii yote.

HAMAD: Sikupenda kuisema. Mwaka uliofuata niko bandarini Mkoani nasubiri meli, yule bibi akaniona yeye, mie sikumjua kwanza. Akanishika mkono akaniuliza, mwanangu, kile kitanda changu kilifika salama? Hakikuvunjika njiani? Wallahi nlikosa jibu. Nikamwambia kimefika bibi, kiko kwa watu wazuri. Akafurahi kweli. Akasema alizalia watoto watano kile.

ZUWENA: Ukafanyaje?

HAMAD: Safari ile ile nliahirisha meli. Nikenda kwake na 100,000, nikamwambia kiliuzwa zaidi kuliko nlivyokupa. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea. Toka hapo kitu cha msiba sikigusi mpaka khitma ipite, na mwenye kitu namwambia mbele ya wanawe: hii ni msaji, hii ikitengenezwa inaweza kufika bei kadhaa, gharama zangu ni hizi, nakupa hii. Wengine wanaghairi wanabaki nacho. Nimekosa vitu vizuri hivyo, na bora nivikose.

ZUWENA: Kumbe ndo maana mwaka jana ulikiacha kile kiti cha Chake.

HAMAD: Ndo maana. Mjukuu wake anakikalia sasa hivi.

ZUWENA: Haya. Kuna msikilizaji kauliza aanze na nini akiwa na 50,000 tu. Mie namwambia stuli moja au meza ndogo ya mbao nzima, kitu utakibeba mwenyewe kwenye daladala, na daftari la 1,000. Vifaa azima kwa fundi wa mtaani, umlipe umwambie akuoneshe kushika randa.

HAMAD: Na asinunue cha pili mpaka cha kwanza kitoke. Nyumba ikishajaa viti vitatu vitatu visivyokwisha unaichukia kazi.

ZUWENA: Jumamosi tunafungua ile meza ya Hamad ilotoka Wete, ina mtoto wa meza, yaani droo, amekwama hatoki toka ije, na ndani kuna kitu kinalia ukiitikisa. Tutairekodi. Shemegi, njoo na mshumaa.

HAMAD: Nakuja nao, na karatasi nyeusi pia.