Kabla Dalali Hajaitwa: Kazi ya Wakili wa Mkopeshaji
Mhadhara kwa wafanyabiashara na viongozi wa vyama vya msingi, Tabora

Mwenyekiti, viongozi mliotoka Urambo, Sikonge na Kaliua, na wafanyabiashara wa hapa mjini: mimi ni wakili wa upande ambao barua zake hazimfurahishi mtu, yaani benki na wakopeshaji wengine, na ninachotaka kueleza ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuuepuka mnada.

Faili la mkopo chechefu, yaani ule ambao marejesho yake yamekwama, linaponifikia, kiasi cha deni si jambo la kwanza ninalolitazama. Hutazama kwanza kama mkopeshaji mwenyewe alifuata sheria. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Ardhi, Sura 113, inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kujiridhisha iwapo mwombaji ana mke au mume. Mwombaji akijaza kwamba hajaoa, ilhali mtaa mzima unamfahamu mkewe na ofisa wa mikopo hakuuliza, dhamana hiyo ina ufa, nami humshauri mteja wangu azungumze.

Sheria hiyo, kufuatia marekebisho ya mwaka 2008, inampa mdaiwa aliyeshindwa kulipa notisi ya siku 60 kabla dhamana yake haijauzwa. Wengi huziacha siku hizo zipite, wakaja kushtuka tangazo la mnada limekwisha kubandikwa, ndipo wanakimbilia kuomba zuio la mahakama. Ndani ya siku hizo ndipo mapatano yanapowezekana. Mwenye duka ambaye wateja wake hupata fedha masoko ya tumbaku yanapofunguliwa amepangiwa marejesho ya kila mwezi kana kwamba anapokea mshahara; mkataba huo ulikosewa tangu mwanzo, na hulisema hilo hata mbele ya mteja wangu. Tukiupanga upya, marejesho makubwa huwekwa msimu wa mauzo, mdaiwa hulikiri deni kwa maandishi na kuleta daftari lake la mauzo, na mdhamini husaini tena, kwa sababu masharti yakibadilishwa bila ridhaa yake anaweza kuondoka katika wajibu.

Mapatano yakishindikana, mnada wa ardhi hutangazwa kwa siku zisizopungua 14, na mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei bora inayopatikana. Bei ikiwa pungufu kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa soko, sheria humdhania kuwa amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Katika miji midogo, ambako watu huona haya kununua nyumba ya jirani, hilo ni tishio la kweli kwake.

Ufilisi, yaani mahakama kutamka kuwa mdaiwa hawezi kulipa madeni yake, chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura 25, kwa mtu binafsi na Sheria ya Makampuni, Sura 212, kwa kampuni, hutajwa sana katika barua kuliko unavyofunguliwa mahakamani. Mwenye rehani hutegemea rehani yake. Asiye nayo hupanga foleni na wadai wengine kugawana kilichobaki. Huyo wa pili, nikishamwonyesha gharama za shauri, mara nyingi hukubali malipo pungufu yanayolipwa sasa.