Banio Lililokuwa Likivuja

(Mhadhara kwa viongozi wa vyama vya umwagiliaji na maofisa ugani, Mbarali. Umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Kamwene, ndugu zangu. Ahsanteni. Mimi Mpare, kwa hiyo salamu yangu ya huku inaishia hapo; mkinijibu kwa kirefu mtaniumbua.

Naanza na jambo ambalo wazee mlioketi hapa mbele mnalijua kuliko mimi. Banio, yaani kizuizi cha kugeuzia maji ya mto yaingie mferejini, zamani lilikuwa nini? Miti, matawi, mawe, magunia ya mchanga, majani ya kuzibia. Masika yakija, mto unalibeba lote. Mwaka unaofuata watu wanashuka tena na mapanga na majembe kulijenga upya. Na hata likijengwa na fundi hodari, lilikuwa linavuja. Yale maji yaliyopenya kati ya gunia na gunia ndiyo yaliyomfikia mtu wa chini ya mto. Hakuna aliyeyapima, hakuna aliyeyaandikia barua ya kuyaomba. Yalimfikia kwa sababu banio halikuwa na uwezo wa kuyazuia.

Kisha likaja zege. Lango la chuma, usukani wa kufungulia, ukuta uliokatiza mto kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Tusikufuru, ni kazi nzuri: mafuriko hayalibebi, na watu wamepumzika kukata miti kila mwaka. Lakini kiangazi, mto unapobaki kijito, banio la zege linaweza kuumeza wote na kuacha changarawe zinang'aa. Watafiti waliofanya kazi hapa bonde la Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliliona hilo bayana: kilichoitwa kuboresha ufanisi kilimpa mtu wa juu nguvu ambayo babu yake hakuwahi kuwa nayo, nguvu ya kuukausha mto.

Sasa nije kwenye hili neno ushirikishwaji. Mkutano unaitishwa, karatasi ya mahudhurio inazunguka, soda, nauli, picha ya pamoja. Mchoro wa banio ulishachorwa mjini. Nani aliulizwa kuhusu kuvuja? Wa juu asingelitaja, maana kwake kuvuja ni hasara. Wa chini hakuwapo mkutanoni kabisa, kwa kuwa yeye si mkulima wa skimu hiyo, yaani mashamba yanayolishwa na banio hilo. Ni wa kijiji kingine, pengine hata wilaya nyingine. Mnaweza kuwashirikisha wakulima wote wa skimu, mmoja baada ya mwingine, na bado mkawa hamjamuuliza mtu anayehusika zaidi.

Kule kwetu Upare kuna ndiva. Ni bwawa dogo linalochimbwa kwenye mteremko juu ya mashamba. Siku hizi baadhi yamesakafiwa kwa saruji. Usiku maji ya mfereji yanaingia humo, asubuhi mwenye zamu anazibua. Mgeni huwa anauliza, kwa nini maji yasiende shambani moja kwa moja? Chukua ndoo ya maji, imwage pole pole kwenye mfereji mkavu, kisha ufuate uone yanaishia wapi. Maji kidogo hunywewa na udongo njiani. Maji yale yale yakikusanywa usiku kucha, kisha yakaachiwa kwa mkupuo, yanakimbia na kufika mkiani, mwisho wa mfereji, yakiwa bado maji.

Kuna faida nyingine ambayo kwenye ripoti za wahandisi hupita kimya. Penye ndiva hakuna haja ya kumwagilia usiku. Waulizeni akina mama maana ya zamu ya saa nane usiku: uko peke yako na tochi, maji yamekatika ghafla, na unajua kabisa kwamba kuna mtu huko juu ameyaziba, na huyo mtu ana panga. Mwanamke wa namna hiyo anaacha zamu yake ipotee. Kwenye daftari la chama inaandikwa "hakutumia maji yake".

Msidhani nawapigia debe mababu. Ndiva nyingi zilikuwa za koo. Ukoo uliochimba ndio uliotangulia, mgeni alisubiri, na mwanamke kwa kawaida jina lake halikuwamo. Lakini kulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja. Siku ya kuzoa tope kwenye ndiva kila mwenye shamba anafika na jembe, au anatuma mtu, au analipa faini, la sivyo zamu yake inarukwa. Na watu wakiwa kwenye tope hadi magoti, wanasemezana. Fulani alizibua mapema wiki iliyopita. Mfereji umebomoka pale kwenye mgomba. Mwaka huu mvua chache, tupunguze maharage. Banio lenu la magunia nalo lilikuwa hivyo hivyo. Kule kubomoka kila masika, tulikokuona ni adhabu, kulikuwa ndiko mkutano mkuu wa mwaka, tena usio na posho.

Kwa hiyo zege lilipokuja liliondoa vitu viwili kwa mpigo: kuvuja, ambako kulikuwa mgao wa wa chini, na kazi iliyowakutanisha watu. Badala yake tukaletewa katiba ya chama yenye kurasa ishirini.

Niwape mfano usio wa hapa, ili pasiwe na wa kununa. Chini ya Kilimanjaro, skimu ya Lower Moshi ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Ni hekta zipatazo 2,300, na kama 1,100 zilipangiwa mpunga, kwa maji ya mito Rau na Njoro. Mifereji iliyosakafiwa, trekta, mbegu fupi yenye kuzaa. Mavuno yakapanda, kweli yakapanda. Na mpunga haufichiki. Majirani walioko juu ya mabanio wakaona, wakachonga majaruba yao, wakafungua mifereji yao. Maji yaliyohesabiwa kwenye makaratasi yakakoma kufika, na eneo la mpunga ndani ya skimu likasinyaa. Skimu ilishindwa kwa sababu ilifanikiwa. Sijui kama kuna namna nyingine ya kulisema hilo.

Ofisini wale wa juu waliitwa wavamizi. Mimi neno hilo hulikataa. Mlima ule una mifongo, ile mifereji ya Wachaga, tangu kabla ya Mjerumani kufika. Huwezi kuja na ramani yenye mstari kuzunguka skimu, ukasema walio ndani ni washiriki na walio nje ni wezi, wakati mto wenyewe haujui mstari uko wapi.

Jirani zetu Kenya wana somo la upande wa pili. Mwaka 1998 wakulima wa Mwea waliikataa bodi ya serikali iliyokuwa ikiwanunulia mpunga na kuwapangia kila kitu, wakajiendeshea skimu kupitia ushirika wao. Kuuza waliweza. Kilichowasumbua ni mfereji: nani azoe tope, nani amwambie wa juu afunge. Kufikia mwaka 2003 bodi ikarudi kwenye maji na miundombinu, safari hii ikikaa meza moja na chama cha watumia maji. Kumfukuza bwana mkubwa ni rahisi kuliko kumfungia jirani lango.

Turudi Usangu. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Amelaumiwa kila mtu. Mwaka 2006 wakaondolewa wafugaji na ng'ombe wao. Mto ukaendelea kukatika.

Mtaniambia sheria ipo. Ipo, na si mbaya. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, ambazo makazi yake ni mto. Sheria ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 ikaleta Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na vyama vya umwagiliaji, ambavyo makazi yake ni skimu. Wengi wenu mna vyeo kote kuwili na mnavaa kofia moja. Zitofautisheni. Chama kinauliza, tumepata kiasi gani na tukigaweje? Jumuiya inauliza, mmeacha kiasi gani? Swali la pili ndilo gumu, na ndilo lisilo na mtu wa kulijibu siku ya mkutano, maana kila aliyehudhuria amekuja kutetea lango lake.

Na kibali? Niliwahi kumwomba mwenyekiti mmoja anionyeshe kibali cha maji cha skimu yake. Akanionyesha, kiko kwenye fremu, ukutani, kimeandikwa lita kadhaa kwa sekunde. Nikamuuliza, langoni mnajuaje kwamba mnachukua lita hizo? Akacheka, nami nikacheka naye. Lango halikuwa na kipimo, hata mstari wa rangi. Tena kiwango chenyewe ni kile kile Machi na Oktoba, utadhani mto nao unasoma vibali. Ukijumlisha vibali vya mto mmoja, kiangazi waweza kukuta jumla imeuzidi mto.

Ninachopendekeza hakihitaji mkopo mkubwa. Banio la zege likijengwa au likikarabatiwa, uvujaji ujengwe humo humo. Najua fundi atasema tundu ni tundu, haliongezeki wala halipungui mto unapobadilika. Sawa, basi ajenge ukuta wa mgao: maji yanapofika yapasuliwe kwa uwiano, sehemu kadhaa mferejini, sehemu kadhaa mtoni, yawe mengi au machache. Uwiano huo upangwe na watu wa mto mzima, wa mkiani wakiwa wa kwanza kusema. Na upande wa mto usiwekewe lango. Penye lango kuna ufunguo, penye ufunguo kuna mwenye ufunguo, na huyo ana shemeji.

(Kicheko.)

Sasa tuache maneno. Ubao huu mnaouona ni mchezo wa bonde la mto. Ulibuniwa hapa hapa Usangu na mtafiti Mwingereza, Bruce Lankford. Mto ndio huu mfereji uliochongwa katikati, umeinamishwa. Maji ni gololi. Vijiti ni mabanio, vishimo ni mashamba. Nataka watu wanne. Mzee, shamba lako halisi liko wapi? Huko juu kabisa? Vizuri, leo kaa chini. Mama, wewe wa mkiani njoo ukae juu, ushike kijiti cha kwanza.

Mnaruhusiwa kuweka kijiti mpendavyo. Namwaga.

(Gololi zinamwagwa. Vishimo vya juu vinajaa. Kwa mzee zinafika mbili.)

Mama, umejaza mpaka zinamwagika nje. Mbona huondoi kijiti?

"Nimesubiri miaka kumi na moja, mwalimu. Ngoja kwanza nijaze."

Haya, mmesikia. Mzee, usiniangalie mimi. Mwangalie yeye, mwambie unataka ngapi. Tunamwaga mara ya pili.