Bibi Anaposafiri, Anamwendea Mzazi

Mhadhara kwa akina mama na wazee, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mabibi zangu, mama zangu, na nyinyi akina baba mliokaa kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mada hii haikuhusuni, nakushukuruni kwa kuja.

Sitaanza na habari za namna watoto wetu walivyofika London, Toronto, Maskati na Dubai, maana hapa Pemba hakuna asiyezijua: wapo waliotoka baada ya 1964, wapo waliotoka 2001 kwa njia ya Shimoni, Kenya, na wapo waliofuata masomo na kazi wakabaki huko huko. Wala sitaeleza namna ya kuomba viza, kwa sababu fomu hizo vijana wenu wanazijaza wenyewe kwenye intaneti, na nyinyi hutakiwa tu kuvuka bahari mkachukuliwe alama za vidole. Nimekuja na jambo moja, ambalo nimelisema kliniki miaka yote ya ukunga wangu, nikalisema kwenye harusi, na mara nyengine hata matangani, mpaka wajukuu zangu wakiniona nakohoa kidogo wanajua linakuja. Bibi anayepanda ndege kwenda kuona mjukuu, khasa anayemwendea ni mzazi, yaani yule mama aliyejifungua.

Mtoto mchanga haja zake ni chache: anyonye, abadilishwe nepi, alale, na vyote hivyo ana mama wa kumfanyia. Asiye na mtu ni yule mama. Hapa kwetu mwanamke akikaribia kujifungua huenda kwao, na akishajifungua hukaa arobaini yake akiwa amezungukwa na watu. Asubuhi anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja tumboni, analetewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku. Shangazi anafua, jirani anapika, na mkubwa wa mtoto anachukuliwa na mama mdogo wake hadi jioni. Sasa mtazameni mwanamke huyo huyo akiwa Uingereza. Akijifungua salama anaweza kurudishwa nyumbani siku hiyo hiyo au ya pili yake, na hata aliyepasuliwa mara nyingi hakai hospitali zaidi ya siku mbili tatu. Mume kisheria anapata likizo isiyozidi wiki mbili, kisha anarudi kazini. Mkunga wa serikali atapita nyumbani mara chache katika siku kumi za mwanzo, baada yake atakuja muuguzi wa watoto, na baada ya hapo mlango unafungwa. Nje baridi, jirani hamjui jina, na saa tisa za usiku anakaa kitandani na mtoto anayelia na hana wa kumwambia "mwanangu, nipe mimi, wewe lala".

Nitakuelezeni kisa cha mwanamke mmoja wa upande wa Wete, ambaye ameniruhusu nikisimulie bila ya kumtaja. Mwanawe wa kiume alimpelekea tiketi, akafika kule mkaza mwana wake akiwa na siku nne tangu apasuliwe. Alipokewa vizuri, akapewa chumba chenye joto, akakaa kwenye kochi akampakata mjukuu, na kutoka hapo hakumwachia. Mtoto akilia anampa mama yake anyonyeshe, akishiba anamchukua tena. Wakati huo mkaza mwana, mwenye mshono tumboni, amesimama jikoni anampikia mgeni wali na mchuzi, kwa sababu mavyaa yake aliliogopa jiko. Lilikuwa ni lile jiko la kioo cheusi lisiloonyesha moto, ambalo huwashwa kwa kuligusa kwa kidole, na yeye alishaligusa mara moja likalia kama king'ora cha gari akaona bora asilisogelee tena. Mume akawa anapiga picha za bibi na mjukuu na kuzituma huku, na sisi sote tukazipokea tukasema mashaallah, bila ya mmoja wetu kuuliza mbona mzazi hayumo hata katika picha moja.

Siku ya pili akaja mkunga. Akampima mtoto, akaandika katika kile kitabu chao chekundu cha maendeleo ya mtoto, kisha akamgeukia mzazi akamuuliza maswali mawili: leo umekula nini, na jana usiku umelala saa ngapi. Mume ndiye aliyekuwa anafasiri, na alipofika kwenye swali la kwanza alinyamaza, kwa sababu hakujua jawabu. Mzazi alikuwa amekula kipande cha mkate akiwa wima. Alianza kulia, na alilia mpaka yule mkunga akaweka kalamu chini akamshika mkono.

Mwanamke huyu wa Wete, Mwenyezi Mungu amjaalie kheri, usiku ule ule alinitumia sauti kwenye simu ananilalamikia kwamba mgeni asiyejua mila zetu ameingia nyumbani kwa mwanawe akamliza mkaza mwana. Nilimjibu kwamba mgeni yule ameuliza masuali ambayo mama mzazi wa mkaza mwana wake angeyauliza kabla ya kuvua viatu mlangoni. Alininunia siku nzima. Kesho yake alimwita mwanawe jikoni, akamwambia amfundishe jiko, na mchana wa siku hiyo uji wa pilipili manga ukapikwa katika jiko la kioo. Kwa muda uliobaki wa safari yake mzazi alilala mchana kila siku, akala chakula cha moto akiwa amekaa, na mtoto akaogeshwa na bibi mbele ya mama yake, si nyuma ya mgongo wake.

Najua yupo hapa anayejisemea moyoni kwamba haya ni mambo ya kudeka, na kwamba yeye alijifungua asubuhi, jioni akaenda kutwanga. Bibi yangu, hujawahi kutwanga siku hiyo, nakujua, na mama yako ndiye aliyekushikia mchi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua duniani hupata maradhi ya akili, na yanayoongoza ni sonona, na katika nchi kama zetu kiwango hicho ni kikubwa zaidi. Sonona si uvivu, na si kila anayelia baada ya kuzaa amepandwa na shetani. Mzazi asiyelala hata mtoto akilala, asiyetaka kula, anayemtazama mtoto wake kama wa jirani, au anayesema bora asingekuwepo, huyo siku hiyo hiyo apelekwe kwa daktari. Kombe, yale maji ya aya za Qur'ani ya kunywa, na dua hatukatazi, lakini visimcheleweshe. Na anayeweza kuyaona hayo mapema kuliko mume na kuliko mkunga wa dakika ishirini ni bibi anayelala chumba cha pili, maadamu macho yake yako kwa mzazi na si kwa mtoto tu.

Mwengine atasema kwamba hayo yote sawa, lakini atamkandaje mtu aliyepasuliwa. Asimkande tumboni, basi. Mshono haubonyezwi, haumwagiwi maji ya moto wala haufungwi mkaja mpaka daktari aseme umepona. Miguu, mabega na mgongo vipo, na mkono wa mama mgongoni haujawahi kumdhuru mtu.

Sasa mambo ya mtoto, ambayo nayapitia mbio kwa kuwa muda wangu nimeshautumia nilipopataka. Asali hapewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ya kulambishwa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa huvishinda na tumbo la mtoto mchanga haliviwezi, vikatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Msiniambie tahniki, ile sunna ya kumlambisha mtoto mchanga kitu kitamu, maana tahniki iliyopokewa katika hadithi ni ya tende. Maji pia hapewi, ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Wanja wa kumpaka machoni na kwenye nyusi uacheni nyumbani, kwani mwingi una madini ya risasi, nayo huharibu ubongo wa mtoto. Mtoto alazwe chali, katika kitanda chake, bila ya mto na bila ya mablanketi matatu. Waingereza walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali 1991, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana. Chumba wanataka kiwe nyuzi 16 hadi 20, ambazo kwa bibi wa Micheweni ni baridi ya kutisha. Avae sweta yeye, asimrundikie mtoto.

Hapo ndipo huambiwa kila mara: "Sisi tulilishwa asali, tukapakwa wanja, tukalazwa kifudifudi, na hatukufa." Kweli kabisa, wala sibishani na walio hai. Waliokufa hawahudhurii mihadhara.

Kuna na upande wa pili, nao nausema mbele ya akina baba na vijana wanaonirekodi. Mama yako hakuja huko kuwa yaya. Viza ya matembezi ya Uingereza kwa kawaida ni ya miezi 6 na hairuhusu kazi; kumsaidia jamaa kwa muda wa ziara inaruhusiwa, kuwa mlezi wa kuajiriwa hairuhusiwi, na kumwachia mama mwenye presha watoto watatu kutwa nzima hakuruhusiwi na dini yetu wala na viungo vyake. Mume akirudi kazini aoshe vyombo. Nimemaliza hapo.

Kiswahili nacho, zungumzeni na mjukuu Kiswahili, na kama ni Kipemba chenyewe basi ndiyo bora zaidi. Kiingereza atakisikia mlango wa pili na hahitaji kukisikia kwa bibi aliyejifunza maneno kumi ndani ya ndege.

Nilikusudia kuzungumzia bima ya safari na gharama za hospitali kwa wageni, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa na adhana ya alasiri i karibu. Itoshe kusema kwamba dawa za presha na sukari zikae katika mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari, na insulini msiithubutu kuitia katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwani huganda ikaharibika. Nyama na samli haziingii Uingereza, zitatupwa mbele ya macho yenu. Pilipili manga kavu, mdalasini na iliki zinaingia, na hizo ndizo za uji wa mzazi. Wenye masuali ya mshono au ya kunyonyesha wanisubiri baada ya sala upande wa akina mama, na wenye masuali ya viza wamuulize kijana huyu hapa mbele, mimi sijui.