Kinshasa na Brazzaville: jiji moja lililotiwa mpaka

Ndugu zangu, habari za Stanley, mtu wa mfalme wa Ubelgiji, na Brazza, mtu wa Ufaransa, mnazijua, sizirudii. Mwaka 1880 Brazza alitia saini mkataba na Makoko, mfalme wa Wateke. Mwaka uliofuata Stanley akajenga kituo chake ng'ambo ya Mto Kongo, Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Wateke walikuwa wakifanya biashara pande zote mbili za Pool Malebo, pale mto unapopanuka kati ya miji hii, tangu zamani. Hakuna aliyewauliza ukingo upi uwe wa Mfaransa na upi wa Mbelgiji.

Wanaosema "miji mikuu miwili jirani" hunichosha. Nimelisema hili mpaka wanafunzi wangu wanalimalizia kabla yangu: hiyo si miwili, ni jiji moja. Wasikilize OK Jazz, bendi ya Franco, yule mpiga gitaa wa Kinshasa.

Hapa kila mtu ana mjomba anayedhani Franco alikuwa wake. Haya. Bendi ilizaliwa Léopoldville mwaka 1956. Siku hizo za mwanzo walikuwamo nani? Yumo Jean Serge Essous na klarineti yake. Yumo Saturnin Pandi na tumba zake. Wote wawili wa ng'ambo, watu wa upande wa Brazzaville! Haukupita muda wakaingia waimbaji Edo Ganga na Célestin Kouka, nao wa huko huko. Walivuka kwa sababu kazi ya kurekodi ilikuwa Léopoldville, tena kwa Wagiriki: studio ya Loningisa, iliyotoa sahani za OK Jazz, ilikuwa mali ya Papadimitriou. Mgiriki anatoa mtaji, Mcuba anatoa mapigo kupitia santuri, kijana wa Brazzaville anapuliza, Franco anacharaza, Lingala inaimbwa. Kisha mwaka 1959 hao hao wanne niliowataja wanarudi kwao na kuunda Les Bantous de la Capitale. Sasa nigawieni huo muziki kwa ramani! Serikali zenyewe zilishindwa: UNESCO ilipoiandikisha rumba mwaka 2021, ombi lilikuwa moja, la nchi mbili.

Najua yupo atakayesema, "Mzee, muziki ni starehe, tuambie uchumi." Nenda Beach Ngobila, bandari ya vivuko ya Kinshasa. Kwa miaka mingi walemavu walipunguziwa nauli ya kivuko, na forodha haikuwabana sana. Basi wakawa wafanyabiashara wa mto, na baiskeli zao za magurudumu matatu zikasheheni mizigo mpaka mwenye nayo haonekani. Mpaka ndio shamba lao. Hakuna mpango wa serikali uliobuni hilo.

Kuna na upande mchungu, naupitia haraka. Mwaka 2014 Brazzaville iliwafukuza watu wa Kinshasa, operesheni iliyoitwa Mbata ya Bakolo, yaani kofi la wakubwa. Waliondoka zaidi ya laki moja. Laki moja! Wageni wa kupita hawafiki idadi hiyo. Hao walikuwa wakazi, wenye kazi, wake na watoto.

Daraja? Nilijua mtauliza. Halipo mpaka leo. Lililopangwa ni la Maluku, mbali na miji hii, kuelekea mto unakotoka; malori yatafurahi, mama mwenye vitenge ataendelea na boti. Brazzaville wanaogopa kumezwa na jitu la ng'ambo, Kinshasa wanaogopa mizigo ikimbilie Pointe-Noire, bandari ya bahari ya upande wa Brazzaville, na Matadi, bandari yao wenyewe, ibaki tupu. Hofu ya pili ina hesabu ndani yake, nakiri, ila ya bandari na reli mwulizeni mwenzangu anayefuata. Dakika zake nimeshazila.